Kipandauso: Staa aliyeingia fainali akiwa haoni

JANUARI 25, 1998, San Diego, Marekani. Ni fainali ya Super Bowl, Denver Broncos dhidi ya Green Bay Packers. Ndiyo, ni ile soka yao ya kukimbia na mpira mkononi, lakini presha ya fainali ni ileile.

Robo ya kwanza inaelekea ukingoni, Terrell Davis, tegemeo la Broncos, anaanza kuona ukungu. Muda si mrefu macho yanagoma.

Kocha Mike Shanahan akamtaka aingie hivyohivyo. Hakutakiwa kugusa mpira, kazi yake ilikuwa kuwazuga Packers wadhani anapewa yeye. Wakaingia mtegoni, mkongwe John Elway akapenya na kufunga. Davis akarudi benchi na kukaa nje karibu robo yote ya pili.

Hakuvunjika mguu wala kuchanika msuli. Kilikuwa kipandauso, ugonjwa alioishi nao tangu utotoni.

UBONGO USIOZOEA

Wengi hudhani kipandauso ni kuumwa kichwa tu. Wataalamu wanasema ni ugonjwa wa ubongo, unaogusa pia namna ubongo unavyopokea mwanga na picha.

Jaribio lao ni rahisi. Mtu anakaa mbele ya skrini yenye miraba myeusi na myeupe, kama ubao wa drafti, inayobadilishana rangi tena na tena. Nyaya zilizobandikwa kisogoni zinapima umeme wa ubongo.

Kwa watu wengi, ubongo unashtuka mwanzoni, kisha unazoea na kutulia. Ni kama beki aliyeshaisoma chenga ya winga, mara ya kumi hahangaiki nayo.

Kwa mwenye kipandauso mambo ni tofauti, hata siku ambayo kichwa hakimuumi. Tafiti nyingi, zikiwamo za Liège, Ubelgiji, miaka ya 1990, zilionyesha kuwa ubongo wake hauzoei. Picha ya mia unaipokea kama ya kwanza, wakati mwingine kwa nguvu zaidi, japo si kila utafiti umepata jibu hilo.

WIMBI LINALOZIMA PICHA

Karibu mmoja kati ya wagonjwa watatu huona vimulimuli, mistari ya zigizaga au kipande cha picha kutoweka, kwa kawaida kati ya dakika 5 na 60.

Kinachoaminika kuleta hali hiyo ni wimbi linalotambaa taratibu kwenye eneo la ubongo linaloshughulikia kuona, kama milimita tatu kwa dakika. Linawasha seli, kisha linazizima kwa muda. Mbrazili Aristides Leão ndiye aliyelieleza wimbi hilo mwaka 1944, baada ya kuchunguza ubongo wa sungura.

Soka letu nalo limo. Mwaka 1972, daktari Mwingereza W.B. Matthews aliandika kuhusu 'kipandauso cha wanasoka', kinachowapata vijana baada ya mpira kuwagonga kichwani.

Sasa fikiria mechi ya usiku: taa kali, mabango ya umeme yanayobadilika kila sekunde, jezi za mistari. Mwanga mkali, unaomweka na mistari iliyobanana ni vitu vinavyowatesa wengi wenye tatizo hili. Shabiki anayeziba macho jukwaani, au mchezaji anayeomba kutoka, si lazima awe anatega.

Kofia yenye ukingo na miwani huwasaidia baadhi, na dawa zipo, hivyo daktari aonwe. Ila mchezaji akigongwa kichwani kisha akasema haoni vizuri, atolewe na kupimwa kwanza. Huenda ubongo umetikisika, na hapo kumrudisha uwanjani ni kucheza na maisha yake.

Na Davis? Alitumia dawa zake, akarudi kipindi cha pili. Zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili, akafunga la ushindi, lake la tatu. Broncos 31, Packers 24, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ikaenda kwake.