Betri Hufia Kwenye Kontrola

Betri ya sola ikifa kabla ya kutimiza miaka miwili, lawama za kwanza humwangukia aliyeiuza. Wakati mwingine anastahili. Lakini ukikagua sola za majumbani na madukani, ukapima kwa mita badala ya kukisia, mara nyingi utakuta betri ilikuwa nzima siku iliponunuliwa. Kilichoiua ni kile kisanduku kidogo ukutani, kontrola ya chaji: ama kilifungwa vibaya, ama kiliachwa na namba zilezile kilizotoka nazo kiwandani.

Paneli tunayoiita ya volti 12 haitoi volti 12. Ile yenye seli 36 hutoa volti 18 hivi ikiwa kazini, na hufika 21 au 22 ikiwa haijaunganishwa na chochote. Betri ya risasi ikimiminiwa umeme huo bila kizuizi, maji yake huchemka na kukauka, na mabamba yake yakaharibika. Kontrola ndiyo inayosimama katikati. Betri ikiwa chini, huiachia chaji yote inayotoka juani. Ikikaribia kujaa, huishikilia kwenye volti 14.4 au karibu na hapo, kisha huishusha hadi 13.6 hivi ili ibaki imejaa bila kuungua. Usiku, taa zikiinyonya betri kupita kiasi, hukata.

Kila mwenye sola ashike jambo moja: kontrola haijui kilichomo ndani ya betri. Inachojua ni volti zilizopo kwenye skrubu zake mbili, basi. Kanuni nyingi za ufungaji zinatokana na hapo.

Chukua nyumba ambayo kontrola imefungwa sebuleni ili mwenyewe azione namba, na betri iko stoo, umbali wa mita 3. Fundi ametumia waya wa taa, wa milimita za mraba 1.5. Kwenda na kurudi ni mita 6, na ukinzani wa shaba ya unene huo kwa urefu huo ni omu 0.07. Adhuhuri, paneli zikileta ampia 20, volti 1.4 zinapotelea njiani, na waya wenyewe unapata moto wa hatari. Kontrola inasoma 14.4, inaamini betri imekaribia kujaa, inaanza kubana chaji, ilhali betri yenyewe imepata 13 tu. Kadiri inavyobana, upotevu hupungua na betri huendelea kupanda, lakini polepole mno. Jua linazama kabla haijajaa. Mchezo huo ukirudiwa kila siku kwa miezi, salfeti ya risasi hugandamana kwenye mabamba na ikishakuwa ngumu haitoki tena. Mwenye nyumba ataambiwa betri ilikuwa feki.

Kwa hiyo kontrola na betri zikae jirani, mita moja au pungufu, kwa waya wa milimita za mraba 6 au 10. Kwa waya wa 6 na umbali huo, ampia zilezile 20 zinapoteza volti 0.12 hivi. Kama kuna umbali usioepukika, uwe upande wa paneli, na huko nako waya uwe mnene.

Jirani, lakini si juu yake. Betri ya maji inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ni nyepesi na hupanda. Ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba inaweza kulipuka kwa cheche moja, na ndani ya kontrola na swichi cheche hazikosekani. Funga kontrola kando, kwenye ukuta usioshika moto, mapezi yake ya kupozea yakiwa wima na wazi, na chumba kiwe na tundu la hewa karibu na dari.

Fyuzi ndiyo sehemu inayoachwa mara nyingi kwa sababu taa huwaka bila hiyo. Betri ya ampia-saa 100 ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampia kwa mkupuo, za kutosha kuyeyusha waya na kuwasha godoro lililo karibu. Kontrola haiwezi kuzuia hilo, kwa kuwa shoti ikitokea kwenye waya kati yake na betri, yenyewe haimo njiani. Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na kichwa cha betri. Kwa kontrola ya ampia 20 na waya wa milimita 6, fyuzi ya 30 inafaa. Vua pete na saa kabla ya kushika spana. Na usitumie swichi kubwa za umeme wa nyumbani upande wa paneli. Umeme wa gridi hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche yake hujizimia. Umeme wa sola hauna sifuri hiyo; cheche ikishawaka inaweza kuendelea kuwaka hadi swichi iyeyuke. Nunua iliyoandikwa DC.

Sasa mpangilio wa kuunganisha: betri kwanza, paneli baadaye, taa na vifaa mwisho. Kontrola nyingi huamua kama mfumo ni wa volti 12 au 24 kwa kusoma betri pindi zinapowashwa. Ukitanguliza paneli, volti 21 zinaingia bila betri ya kuzipokea. Kontrola nyingine hudhani ni mfumo wa 24, nyingine huungua palepale, na zipo zinazopitisha volti hizo moja kwa moja hadi kwenye taa. Wakati wa kufungua, fuata kinyume: vifaa, paneli, betri mwisho. Makosa mengi hutokea siku ya kubadilisha betri, pale fundi anapoichomoa mchana kweupe na paneli bado zimeunganishwa. Funika paneli kwa blanketi zito kabla hujagusa kitu, na hakikisha chanya na hasi kwa mita. Usiamini rangi za nyaya, kwani wengi hutumia waya wowote uliopo.

Sokota nyuzi za waya zisichomoze hata moja, kaza skrubu barabara, kisha uvute waya kwa mkono. Baada ya wiki moja rudi ukaze tena, kwa sababu shaba hulegea kidogo chini ya skrubu. Waya uliolegea hupoteza volti sawasawa na waya mwembamba, na kontrola haiwezi kuvitofautisha.

Tuje kwenye namba. Kontrola za bei nafuu zilizoenea madukani aghalabu huonyesha b1, b2 na b3: betri kavu kwa volti 14.4, jeli kwa 14.2, betri ya maji kwa 14.6. Soma karatasi ya kontrola yako, kwa kuwa matoleo mapya hubadilisha mpangilio. Chagua aina inayolingana na betri uliyonayo. Jeli ikichajiwa kama betri ya maji hutoa mapovu ambayo hayarudi kuwa jeli.

Namba inayonisikitisha zaidi ni ile ya kukata matumizi. Kontrola nyingi hutoka kiwandani zikiwa na 10.7. Betri ya risasi iliyopumzika ina volti 12.7 ikiwa imejaa, 12.2 ikiwa nusu, na kwenye 11.8 imebaki na kidogo sana. Kwa taa chache na simu, kuisubiri ifike 10.7 ni kuikamua hadi tone la mwisho kila usiku. Ipandishe hadi 11.8, na ya kurudisha umeme iache 12.6. Utapata giza mapema siku za mawingu, lakini betri itakaa miaka. Angalizo: inveta hufungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu mkupuo wake wa kuwaka huunguza kontrola. Maana yake ni kwamba kontrola haiwezi kuikata. Inveta ina kikomo chake, mara nyingi 10.5, na wewe ndiye wa kuizima mapema.

Joto nalo lina neno. Namba za chaji zimepangwa kwa nyuzijoto 25. Kwa kila nyuzi inayozidi, betri ya risasi ya volti 12 inataka volti 0.02 hadi 0.03 pungufu. Stoo ya bati kule Lindi yenye nyuzi 35 inataka 14.2 badala ya 14.4. Makete mwezi wa Julai, asubuhi za nyuzi 10, inataka zaidi ya 14.7. Kontrola nyingi hujirekebisha kwa kipimajoto kilicho kwenye ubao wa kontrola yenyewe, si kwenye betri, kwa hiyo viwili hivyo visiwe kwenye vyumba tofauti.

Lithiamu ina sheria zake: 14.2 hadi 14.4 inatosha, marekebisho ya joto yazimwe, na ile chaji kali ya kusawazisha seli, inayovuka volti 15, isiguswe kabisa. La sivyo, ubao wa ulinzi ndani ya betri utajikata ghafla, na kontrola itabaki juani bila betri.

Kuhusu maandishi ya MPPT kwenye kasha, yaani kontrola inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa ampia, mita ndiyo shahidi. Betri ikiwa haijajaa na jua limewaka, pima volti upande wa paneli. Zikilingana na za betri, hiyo ni PWM, aina ya kawaida inayoiunganisha paneli moja kwa moja na betri, kasha liseme litakalo. Si mbaya kwa paneli ya seli 36, lakini paneli ya wati 300 yenye seli 60 itakupa wati 125 tu kwenye betri ya volti 12, na volti zake zinazokaribia 40 zinaweza kuvuka kabisa kikomo cha kontrola ndogo.

Paneli kadhaa zikiunganishwa kwa mfululizo, volti zinaweza kuwa za kuua, na hapo mwite fundi mwenye leseni ya EWURA kwa Tanzania au ya EPRA kwa Kenya. Mfumo mdogo unaweza kuukagua mwenyewe leo. Adhuhuri, chaji ikiwa imepamba moto, pima volti kwenye skrubu za betri za kontrola, kisha juu ya vichwa vya betri yenyewe. Tofauti ikizidi volti 0.2, kaza kwanza skrubu na upime tena. Ikibaki vilevile, waya ni mwembamba au mrefu mno, ubadilishe.