Helmeti Isiyosikia

Je, wajua kwamba helmeti maarufu kuliko zote za Wagiriki wa kale, ile ya Korintho, haikuwa na matundu ya masikio? Fundi alifua bamba la shaba iliyochanganywa na bati hadi likafunika kichwa kizima na mashavu, yakabaki matundu ya macho na mpasuko mwembamba mbele ya mdomo. Mkuki ulizuiwa, lakini amri ya mkubwa wake askari aliisikia kwa taabu. Vita vikitulia aliisukuma helmeti hadi utosini ili apumue, jinsi waendeshaji boda wanavyofanya leo katika steji za Loresho, Nairobi, wakingoja abiria.

Mafundi wa baadaye walikata nafasi ya masikio. Ila ya ajabu zaidi, kwangu, ni ile ya Boeotia, eneo la Ugiriki: ina umbo la kofia ya ukingo mpana uliokunjwakunjwa, yote kwa shaba. Katika karne ya 4 KK, Xenophon, aliyeandika kitabu kizima kuhusu upandaji farasi, aliwapendekezea wapanda farasi helmeti hiyo kwa kuwa ililinda bila kuwaziba macho. Moja iliopolewa kutoka mto Tigris, na sasa imo katika makumbusho ya Ashmolean, Oxford.

Leo, anayetoka Loresho kwa boda na kuingia barabara ya Waiyaki Way haogopi mkuki, anaogopa lami. Hapo gamba gumu pekee halitoshi. Kazi kubwa hufanywa na povu jepesi lililo ndani: linabonyea, linameza nguvu ya pigo, na ubongo hausimamishwi kwa ghafla. Likishabonyea halirudi, kwa hiyo helmeti iliyopata ajali imekwisha kazi hata kama rangi yake bado inang'aa. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, wa mwaka 2008 ulikadiria kuwa helmeti ya pikipiki hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Kanuni za Kenya za mwaka 2015 kuhusu pikipiki zinamtaka mwendeshaji awe na helmeti ya abiria pia. Abiria wengi huikataa: jasho la waliotangulia, na msuko wa jana tu. Siwalaumu sana, kitambaa chepesi chini yake kingemaliza nusu ya ugomvi huo. Na hata akiivaa, mkanda wa kidevu lazima ufungwe, maana helmeti isiyofungwa huweza kuchomoka kabla kichwa hakijafika chini.