Mitalawanda ya Bustanini na Utunzaji Wake

Askari aliyemaliza zamu yake huko Rumonge aghalabu huvua mabuti, akashika jembe, akaingia bustanini pekupeku. Mabuti ni mali ya Serikali, wala hayakuumbiwa tope la migomba. Kandambili nazo hunasa topeni na kukatika vikanda. Hivyo mguu hubaki mtupu.

Katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, ardhi hukaa na joto na unyevu muda mrefu, na mwaka 2024 ziwa lilipanda hata maji yakaingia majumbani Rumonge. Udongo wa namna hiyo, ukichanganyika na kinyesi, ndio makao ya machanga ya minyoo ya safura. Hupenya ngozi laini ya miguu, wakasafiri mpaka utumboni, na huko wakanyonya damu. Mtu hupauka, hutweta apandapo kilima, na mkubwa wake humdhania mvivu.

Funza naye si mwenyeji wa Afrika. Alishuka Ambriz, Angola, mwaka 1872, kwa merikebu iliyotoka Brazil, akafuata njia za misafara, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha fika pwani ya mashariki. Waliombeba ni wapagazi na askari, na wengi wao walipoteza vidole.

Basi twaona yafaa kuukumbuka mtalawanda, kiatu cha mti cha watu wa pwani, ambacho kazi yake ya asili ilikuwa kumwinua mtu juu ya uchafu wa uani na chooni. Jina lake ni jina la mti pia, na ndugu wa mti huo, msave wa Warundi, huota katika nchi hizi za maziwa. Ule wa kale una msuruaki, yaani kijiti kinachoshikwa kwa vidole viwili vya mguu. Kwa bustani sisi twapendelea wenye ukanda mpana wa mpira wa gari, kwa kuwa msuruaki humchosha mwenye kulima.

Kiatu hiki hakifi kwa kazi. Hufa kwa kutotunzwa. Jozi yetu ya kwanza tuliifua vizuri tukaianika juani mwezi wa Julai, na jioni tukaikuta imepasuka toka kisigino hadi katikati. Mti ukikauka kwa ghafula, nje hunywea kabla ya ndani, nao hupasuka. Baada ya kazi, ondoa tope kwa brashi na maji kidogo, usiuloweke, kisha usimamishe kwa ubavu kivulini penye upepo, mbali na jiko. Usiuache chini, maana mchwa hauchagui.

Kuhusu mafuta, Rumonge ni nchi ya mawese, na kila mtu huyakimbilia. Mawese hayakauki: hubaki yakinata, yakakusanya vumbi na sisimizi. Mafuta ya kitani ni bora, kwa sababu hukauka ndani ya mti. Asiye nayo apake nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Zaidi ya yote yapakwe kwenye ncha mbili, mbele na nyuma, ambako mti hunywa maji na kupasuka kwanza. Pale unapokaa wayo pasipakwe, au utateleza na jembe mkononi.

Msuruaki ukilegea, usipige msumari. Chonga mwingine wa mti mgumu uliokauka barabara, uupige kwa nguvu tunduni; ukipata unyevu kidogo utavimba na kujikaza wenyewe. Misumari ya ukanda ikaguliwe kila wiki, kwani ikitokeza kichwa huchana mguu. Ukiona unga mwembamba ukidondoka kwenye vitundu vidogo, hao ni fukusi. Tenga jozi hiyo na nyingine.

Lakini mtalawanda una mpaka wake. Kwenye mteremko wenye utelezi ni hatari, na mwenye kupiga jembe kwa nguvu bado yampasa kutazama mahali linapoangukia, kwa kuwa vidole viko wazi. Wala usiingie nao ziwani kuosha miguu penye majani na konokono: vijidudu vya kichocho huogelea majini, na ubao wa vidole viwili hauwazuii kitu. Teka maji kwa ndoo, uyaache siku mbili, ndipo uoshee bustanini.