Saa Ipimayo Mbio

Hapa Ndanai wakimbiaji si haba, na siku hizi baadhi yao huvaa saa zinazopima mbio. Je, saa hujuaje umbali? Juu yetu, kiasi cha kilomita 20,200, huzunguka setilaiti za Marekani ziitwazo GPS. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Saa haitumi chochote huko. Hupokea tu ishara za setilaiti nne au zaidi, ikapima muda zilizochukua kufika, ikajua mahali ilipo. Ukisonga, inaunganisha mahali hapo na pale, ikapata umbali na kasi.

Lakini saa nayo hukosea. Bondeni au chini ya miti mikubwa, ishara huzibwa na hesabu ikapotoka. Tena ukipanda mlima itasema unajikokota, kumbe moyo unadunda kama ngoma! Ukilazimisha kasi ya tambarare utaumia bure. Mlimani fuata pumzi zako.

Na wewe usiye na saa, usife moyo. Katika uwanja wa mita 400, mizunguko 12 na nusu ni mita 5,000 kamili. Hesabu tu! Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai.