Mtanziko Mikononi mwa Msomaji: Hadithi Shirikishi za Mapenzi na Mapokeo ya Jilore

Hadithi shirikishi ni utanzu wa fasihi ya kubuni ambamo mwandishi huyasimamisha masimulizi penye njiapanda, akamwachia msomaji aamue mhusika mkuu afanye nini, kisha akampeleka kwenye ukurasa unaolingana na uamuzi huo, hivi kwamba wasomaji wawili walioanza na sentensi moja huweza kumaliza wakiwa wameishi maisha mawili yasiyofanana. Wengi waliokutana na vitabu vya aina hii wakiwa wanafunzi huvihesabu kuwa burudani ya watoto, yaani safari za mapangoni na visiwani ambako uamuzi mbaya humtupa mhusika shimoni. Fikra hiyo inaeleweka, kwa kuwa mfululizo uliousambaza utanzu huu duniani, ule ulioanzishwa na kampuni ya Bantam nchini Marekani mwaka 1979 kwa kitabu cha Edward Packard kiitwacho The Cave of Time, uliandikiwa watoto na ukauza nakala zaidi ya milioni 250. Hata hivyo, historia yenyewe haikuanzia utotoni. Karibu miaka hamsini kabla ya hapo, mwaka 1930, waandishi wawili wanawake, Doris Webster na Mary Alden Hopkins, walichapisha nchini humo kitabu kiitwacho Consider the Consequences!, ambacho wachambuzi hukitaja kuwa riwaya ya kwanza inayojulikana ya mtindo huu, na swali lake la kwanza halikuwa la hazina wala la joka, bali la msichana anayeposwa na wanaume wawili na asiyejua amkubali yupi.

Kwa hiyo, pale riwaya shirikishi za mapenzi zilipoibuka upya miongo ya karibuni, zilikuwa zinarudi nyumbani. Nchini Japani, timu ya wanawake katika kampuni ya Koei ilitoa mwaka 1994 mchezo wa Angelique, uliofungua njia kwa michezo mingi ya kompyuta ambayo mchezaji wake ni msichana anayechagua mpenzi kupitia mazungumzo. Mwaka 2018 Kitty Curran na Larissa Zageris walichapisha My Lady's Choosing, riwaya ya karatasi inayomweka msomaji katika Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka uliofuata kampuni ya Choice of Games, iliyokuwa ikitoa hadithi shirikishi tangu mwaka 2009, ilianzisha tawi la Heart's Choice kwa ajili ya hadithi za mapenzi peke yake. Hizi zote ni kazi za mbali, na mwandishi wa Kiswahili akizifuata hatua kwa hatua atapata kitabu chenye majumba ya kifahari na wanaume wa kizungu, ilhali mapokeo yanayomzunguka yana kanuni za utanzu huu tayari, zikiwa zimekomaa.

Katika eneo kama Jilore, lililo kati ya mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke, magharibi mwa mji wa Malindi, mapokeo hayo yako karibu, kwani fasihi simulizi ya Wamijikenda na ya Waswahili wa mwambao haikumfanya msikilizaji kuwa mtu wa kukaa kimya. Hadithi ya Kiswahili haianzi mpaka wasikilizaji waitikie mwito wa fanani. Katika kutega vitendawili, watu wakishindwa kulitegua fumbo, mtegaji hudai apewe mji. Mteguaji humtajia mji wowote autakao, Lamu au Mombasa au Unguja, na mtegaji hulazimika kusimulia papo hapo jinsi alivyofika huko na alivyokirimiwa, ndipo atoe jibu. Hapa ridhaa ya msikilizaji ndiyo inayoamua masimulizi yaelekee wapi, na msimulizi hana budi kuwa na maneno ya kila mji utakaotajwa, ambao ni mzigo ule ule anaoubeba mwandishi wa hadithi shirikishi anapolazimika kuiandika kila njia ambayo msomaji anaweza kuishika.

Kilicho karibu zaidi na suala hili ni ngano za mtanziko, yaani ngano zinazowaweka wahusika mbele ya machaguo magumu na kukoma bila hukumu, ili wasikilizaji waitoe wenyewe kwa kubishana. William Bascom, mwanaanthropolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1975 mkusanyiko wa mifano mingi ya ngano hizo kutoka pande mbalimbali za Afrika, na baadhi ya mifano hiyo inahusu ndoa. Ule unaojulikana zaidi, unaosimuliwa kwa sura nyingi hata nje ya bara hili, ni wa vijana watatu wanaompenda msichana mmoja: wa kwanza anaona katika kioo chake cha ajabu kwamba msichana anakata roho, wa pili ana chombo cha kuwafikisha wote kwake kufumba na kufumbua, na wa tatu ana dawa ya kumwinua. Msichana anapona, na msimulizi anauliza nani amwoe. Ubora wa ngano hii hautokani na wingi wa majibu, maana ni matatu tu. Unatokana na kwamba kila jibu linamdhulumu mtu aliyestahili, na mchaguzi analijua hilo anapochagua.

Kanuni hiyo inastahili kushikwa sana, kwa sababu waandishi wengi wa hadithi shirikishi hujivunia idadi ya miisho. Hesabu yenyewe inaonyesha ubatili wa fahari hiyo. Hadithi yenye njiapanda 10 mfululizo, kila moja ikiwa na njia mbili ambazo hazikutani tena, huzaa miisho 1,024 na vipande 2,047 vya matini. Mwandishi akiweka maneno 200 katika kila kipande, ataandika maneno 409,400, na msomaji atakayepita mara moja ataviona vipande 11 tu, sawa na maneno 2,200. Umbo hili mchambuzi Sam Kabo Ashwell, katika uainishaji wake wa mwaka 2015, alilipa jina la pango la wakati kwa kukikumbuka kitabu cha Packard, na udhaifu wake katika hadithi ya mapenzi ni kwamba kila tawi huwa fupi mno kiasi kwamba wapenzi hawapati nafasi ya kuzoeana, kugombana na kusameheana. Mapenzi yanahitaji muda wa kurasa. Msomaji aliyekutana na mpenzi kwenye kipande cha tatu na kuolewa naye kwenye cha saba hakushuhudia kitu cha kumfanya ajali.

Dawa ya udhaifu huo ni umbo la matawi na makutano, ambamo njia huachana kwa muda, kisha hurudi pamoja kwenye tukio ambalo halina budi kutokea, zikaachana tena. Ili matawi yanayorudi pamoja yasiyafute yaliyotangulia, hadithi hutunza vigeu, yaani alama za kumbukumbu zinazopanda, kushuka au kuwashwa kulingana na machaguo ya msomaji, mfano wake kiasi cha imani ambayo mama anayo kwa binti yake, au ikiwa siri fulani imeshatoka. Kipande kile kile kinachosomwa na watu wote hubadilika sentensi zake kwa kuviangalia vigeu hivyo. Kwa njia hii vipande 30 hivi huweza kubeba njiapanda zile zile 10, na jasho la mwandishi likaingia katika uzito wa tukio badala ya kutawanyika katika miisho ambayo hakuna atakayeifikia.

Mfano wa kubuni kutoka Jilore utasaidia kulieleza jambo hili. Mhusika mkuu ni mwanamke wa miaka 26, mwalimu wa shule ya msingi, anayependana na kijana muuza samaki wa Malindi, wakati baba yake ameshapokea kadzama, yaani mnazi wa posa, kutoka kwa ukoo wa mwanamume mwingine, mpole, mwenye kazi, asiye na kosa lolote. Njiapanda ya kwanza inamuuliza msomaji ikiwa mhusika amweleze mama yake usiku huo au asubiri mpaka aonane na kijana sokoni Jumamosi. Akimweleza mama, kigeu cha imani ya mama hupanda, lakini siri huwa imeshatoka, na mama, kwa kumhurumia, humdokezea shangazi. Akisubiri, siri hubaki salama, ila mama anakuja kusikia habari kwa jirani. Njia zote mbili zinakutana siku ambayo wazee wa ukoo ule wanarudi, kibuyu cha mnazi kikiwa katikati yao, na mhusika anaitwa na kuulizwa ikiwa kinywewe. Tukio ni moja, wazee ni wale wale, lakini katika njia ya kwanza mama anamtazama usoni na shangazi ameinamisha kichwa, na katika ya pili mama hayumo. Msomaji anayeombwa kujibu "kinywewe" au "kisinywewe" anajibu akiwa amebeba alichokifanya yeye mwenyewe kurasa 20 nyuma.

Hapo ndipo mapenzi ya mwambao yanapoudai utanzu huu kwa nguvu kuliko yale ya vitabu vingi vya ng'ambo, ambavyo kwa kawaida humpa mhusika uhuru mkubwa na jamaa wachache, kiasi kwamba swali hubaki kuwa moyo unampenda nani. Katika kaunti ya Kilifi, ilipo Jilore, chaguo la mpenzi huwagusa wajomba na mashangazi, mahari iliyokwisha kutumika kumwozea kaka, tofauti ya dini kati ya ukoo wa bara na ule wa mjini, na shamba ambalo hatimiliki yake haijulikani iko kwa nani. Mwandishi akiyageuza hayo kuwa njiapanda, hatahitaji kubuni vitisho vya uongo.

Sarufi nayo inampa mwandishi wa Kiswahili msaada ambao wenzake wa Kiingereza na Kifaransa hawana. Hadithi nyingi shirikishi humwita msomaji kwa nafsi ya pili, na waandishi wanaotaka mpenzi awe mwanamume au mwanamke kwa hiari ya msomaji hulazimika, kwa Kiingereza, kuweka kigeu katika kila kiwakilishi, na kwa Kifaransa hata katika vivumishi. Kiswahili hakibagui jinsia katika viambishi vya nafsi, na sentensi kama "alimshika mkono akamwambia asiondoke" inaweza kusomwa na mtu yeyote bila kubadilishwa herufi. Ajabu ni kwamba nafasi hii haijatumika inavyostahili.

Kwa kuwa hadithi hizi huandikiwa watu wazima, suala la ridhaa lina sura mbili. Ya kwanza ni ridhaa ndani ya hadithi: msomaji anapoongoza mhusika, mpenzi aliye upande wa pili asiwe bidhaa inayopatikana kwa kubonyeza jibu sahihi, bali awe na uwezo wa kukataa, na kukataa kwake kuheshimiwe na masimulizi. Ya pili ni ridhaa ya msomaji mwenyewe. Katika riwaya ya kawaida mwandishi ndiye anayeyabeba matendo yote, lakini hapa msomaji ametia mkono, na akijikuta ghafla katika tukio la kitandani au la kipigo kwa chaguo lililoonekana kuwa la kawaida, huhisi amehadaiwa. Waandishi makini huonya mapema, huweka njia ya kulipita tukio bila kupoteza hadithi, na hueleza waziwazi kwamba kazi ni ya waliotimiza miaka 18. Lugha ya mwambao, yenye utamaduni mrefu wa mafumbo na tasfida, inaweza kuyasema mengi ya faragha bila kuyavua nguo, na ni heri mwandishi autumie utamaduni huo kwa kuwa unaleta hamu kuliko maelezo ya wazi.

Kinachosikitisha ni jinsi biashara ilivyoingilia chaguo lenyewe. Programu za simu kama Episode na Choices humpa msomaji hadithi bila malipo, kisha humwekea jibu la upendo, lile analolitaka, nyuma ya almasi au vito vya kununua, ili asiye na fedha alazimike kumfanya mhusika awe baridi. Mtanziko unageuka kuwa bei. Zaidi ya hayo, kila chaguo linaweza kuhifadhiwa, na machaguo ya mtu katika mambo ya mapenzi hufichua siri ambazo hajamwambia hata mwenzi wake; Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazipa taarifa kama hali ya ndoa na mwelekeo wa kimapenzi wa mtu ulinzi maalumu, na mwandishi anayesambaza kazi yake kwa programu ana wajibu wa kujua programu hiyo inatunza nini.

Vifaa si kikwazo. Programu ya Twine, iliyoanzishwa na Chris Klimas mwaka 2009, ni ya bure, haihitaji ujuzi wa kuandika kodi kwa kazi za kawaida, na hutoa faili moja dogo linalofunguka kwenye simu na kutumwa kwa WhatsApp, njia ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wameizoea kwa simulizi za mapenzi zinazotolewa sehemu kwa sehemu. Anayetumia M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, amezoea kuzipita menyu za namba, akichagua moja au mbili na kupelekwa hatua nyingine, na kwa hiyo msomaji wa Jilore hahitaji kufundishwa namna ya kuisoma hadithi hii. Hata kabla ya kugusa kompyuta, mwandishi anaweza kuijaribu kazi kwa mdomo mbele ya watu kumi, akaisimamisha penye njiapanda na kuwasikiliza wakibishana, kama yanavyofanya makundi ya michezo ya kuigiza ya elimu ya afya nchini Kenya, ambayo huukatiza mchezo penye mtanziko na kuwaita watazamaji wauendeleze. Wote wakichagua njia moja bila ubishi, njiapanda hiyo ni ya bandia na yafaa kuondolewa.

Linabaki suala la miisho, ambalo katika riwaya ya mapenzi ni zito kwa sababu msomaji ameahidiwa furaha. Kazi nyingi huitimiza ahadi hiyo kwa kuweka mwisho mmoja wa harusi na kuigeuza mingine yote kuwa adhabu, na hivyo kumfundisha msomaji kutafuta jibu la mwandishi. Mwalimu wa Jilore anayekubali kibuyu kinywewe hana budi kupata ndoa yenye heshima na upendo unaokua taratibu, huku akimkumbuka muuza samaki. Yule anayekikataa apate mpenzi wake pamoja na baba ambaye kwa miaka kadhaa hatakanyaga nyumbani kwake. Na yule anayewakataa wote wawili na kuomba uhamisho wa kazi aandikiwe kurasa nyingi kama wenzake, zenye marafiki, kazi na jioni zake, bila mpenzi wa tatu kuletwa haraka haraka ili kumwokoa.