Je, Wajua? Programu ya simu yako haioni data zake zinakaa wapi

Simu za Android, ziwe za dukani Arua au za mpakani Koboko, zinaendeshwa na kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux. Kila programu hupewa anwani za bandia. Kerneli ndiyo inayojua kurasa zake, kwa kawaida za baiti 4,096, ziko wapi hasa ndani ya RAM.

Zamani programu yoyote iliweza kufungua faili la /proc/self/pagemap na kusoma namba halisi za kurasa zake. Mafundi walilipenda, na nani angelalamika? Mwaka 2015 watafiti wa Google wakaonyesha ubaya wake kwa kasoro iitwayo Rowhammer: safu moja ya RAM ikisomwa mfululizo kwa kasi kubwa, biti za safu jirani huweza kugeuka, 0 ikawa 1. Ukijua kutokana na namba hizo safu zipi zinapakana, umerahisishiwa kuiteka mashine nzima. Linux 4.0 ikalifunga faili hilo kwa asiye msimamizi. Toleo la 4.2 likalegeza kidogo: linafunguka, ila asiye msimamizi anasoma sifuri tupu mahali pa namba hizo.

Haikutosha. Mwaka 2016 watafiti wa Amsterdam waliziteka simu za Android bila kuligusa faili hilo.