Unameza Dawa ya Alsa Kila Asubuhi? Haya Ndiyo Mambo Inaweza Kukufanyia

Hii picha unaijua. Ni alfajiri pale stendi ya Machakos, mathree ya Nairobi inajaza watu. Kondaa jana usiku alikuwa na nyama choma na kachumbari yenye pilipili ya nguvu, leo amepiga chai ya rangi tupu bila kitu ya kutafuna. Sasa kifua inawaka kama jiko la makaa. Anakimbia kemisti, anasema tu "nipee ile ya alsa", anameza, gari inatoka. Kesho tena. Mwezi ujao tena. Miaka miwili baadaye bado yuko kwa hiyo tu.

Kama huyo kondaa ni wewe, ama ni mathe wako, ama boyi wako wa boda, hii ni yenu.

Dawa yenyewe ni gani?

Mara nyingi ni omeprazoli, ile kapsuli pakiti yake huandikwa "Omeprazole 20 mg". Ilitoka Uswidi ikaingia sokoni mwaka wa 1988, na ni kati ya dawa Shirika la Afya Duniani limeorodhesha kuwa za lazima. Esomeprazoli na pantoprazoli ni ndugu zake wa damu.

Kwa ukuta wa tumbo lako kuna vipampu vidogo sana vinavyotoa asidi. Hii dawa inavizima. Haizimi zote siku moja, inaweza kuchukua siku kadhaa ndio usikie tofauti kamili. Kwa hivyo ile tabia ya kumeza moja tu moto ukiwaka, halafu ukae wiki, haisaidii sana.

Wacha tuseme ukweli: ni dawa poa. Imeponya vidonda vya watu wengi. Shida huanza ikigeuka peremende.

Zile ndogo ndogo

Kichwa kuuma, tumbo kukata, gesi, kichefuchefu, kuhara ama kufunga choo. Wengi hawazipati, na wanaozipata mara nyingi zinaisha zenyewe. Zikikataa kuisha, rudi kwa daktari.

Zile za kuchunga ukikaa nayo muda mrefu

1. Magnesiamu kushuka. Mwaka wa 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya hii. Mara nyingi hutokea kwa watu waliotumia zaidi ya mwaka. Dalili ni misuli kukaza, mwili kutetemeka na moyo kupiga ovyo ovyo.

2. Vitamini B12 na madini ya chuma. Asidi ndiyo hufungua hivi vitu kutoka kwa chakula. Ukiizima miaka mitatu, B12 inaweza kupungua: unachoka bila sababu, vidole vinaingia ganzi, unaanza kusahau. Na sisi wa muthokoi na maharagwe tuko na jambo letu hapa, kwa sababu chuma ya nafaka na maharagwe inategemea asidi kuliko ile ya nyama. Kama ulikuwa tayari na upungufu wa damu, mwambie daktari mapema.

3. Mifupa. FDA ilionya mwaka wa 2010 kuhusu kuvunjika kwa nyonga, kifundo cha mkono na uti wa mgongo, hasa kwa wenye zaidi ya miaka 50 na wanaotumia dozi kubwa ama kwa muda mrefu. Utafiti haujathibitisha kuwa dawa ndiyo inavunja, lakini uhusiano umeonekana. Kama shosh anaitumia, jua hilo.

4. Kuhara kubaya. Asidi ni askari wa tumbo, inaua vijidudu vingi mlangoni. Ukimpa likizo, vijidudu vinapita. Kama unakunywa maji ya mtungi, yachemshe. Kuhara kusikoisha ukiwa kwa hii dawa si kitu ya kungoja.

5. Figo. Ni nadra, lakini figo zinaweza kuvimba hata kama hujakaa na dawa sana. Ukiona mkojo umepungua ama una damu, na pengine homa na vipele juu yake, kimbia hospitali.

Usiichanganye kimya kimya

Omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli, dawa wanayopewa watu wa moyo. Inaweza kuongeza nguvu ya wafarini, ile ya kuzuia damu kuganda. Na kama unatumia ARV, uliza kwanza: atazanaviri na rilpivirini haziingii mwilini vizuri asidi ikizimwa. Najua kemisti kuna foleni na watu wanasikiza, lakini mwite mhudumu kando umwambie. Hapo ni maisha yako.

Hatari kubwa ni kuficha ugonjwa

Manze, hii ndiyo ya kukunyima usingizi. Maumivu yanaweza kutulia na ugonjwa ukiendelea chini kwa chini, hata saratani. Choo ikiwa nyeusi kama lami, ukitapika damu, chakula kikikwama ukimeza, ama ukikonda bila sababu, usipitie kemisti. Nenda Machakos Level 5 ama hospitali iliyo karibu nawe, leo.

Pia, vidonda vingi havisababishwi na stress wala pilipili. Kuna bakteria inaitwa H. pylori. Robin Warren na Barry Marshall wa Australia walipata tuzo ya Nobel mwaka wa 2005 kwa kuigundua. Omeprazoli peke yake haiiui, lazima iandamane na antibiotiki. Na ukienda kupima choo ama pumzi, daktari atakuambia uache omeprazoli wiki mbili kabla, la sivyo kipimo kinaweza kukudanganya kuwa uko fiti. Msababishaji mwingine ni dawa za maumivu kama diclofenac, ibuprofen na aspirini, zile tunameza mgongo ukiuma.

Sasa ufanye nini?

Meza nusu saa hivi kabla ya kiamsha kinywa, nzima, bila kutafuna. Kama umenunua mwenyewe bila daktari, wiki mbili zikiisha na bado unaungua, nenda upimwe. Nunua kwa kemisti yenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu.

Na usiache ghafla kama umeitumia miezi mingi. Vile vipampu hurudi na hasira, moto unawaka kuliko mwanzo, halafu unadhani huwezi kuishi bila dawa. Daktari atakushusha pole pole. Kama alikuandikia kwa sababu maalum, usiache kabla hujaongea naye.

Kondaa wetu, kesho kabla ya gari kujaa, tafuna kitu kwanza. Halafu panga siku moja ya off uende upimwe. Abiria watangoja, lakini tumbo ni moja tu.